Mkaguzi wa Vyungu Afika Tuliakando

“Basi hesabu! Si umekuja na miwani? Hesabu moja mpaka saba, halafu nenda ukawaandikie tena!”

“Bi Siwema, mimi sikuandika habari za nyumba yako. Niliandika habari za moshi.”

“Na huo moshi umepanga wapi, Bwana Fulgensi? Umepanga kwangu! Ukiuandika moshi umeniandika mimi!”

“Niliomba jiko moja lisogezwe. Moja tu, la yule binti anayekaanga samaki chini ya dirisha langu.”

“Ndiyo wanakusogezea. Wanasogeza jiko, na aliyekaa mbele ya jiko, na ukuta, na bati. Alhamisi hii. Wewe vuta kiti ukae dirishani utazame.”

Hayo yalisemwa Jumatatu asubuhi juu ya ua wa michongoma, na sisi watu wa mtaa tulikuwa tumeshafika sote, maana hatuna tabia ya kuwaacha majirani wagombane peke yao. Nyuma ya Bi Siwema, ukutani, palikuwa na alama ya X nyekundu, ndefu kuliko mlango. Rangi ilikuwa mbichi bado. Nzi wawili walikuwa wamenasa humo na walikuwa bado wanajadiliana namna ya kutoka.

Bi Siwema ana nyumba ya vyumba saba. Aliijenga kwa maandazi, tofali kwa tofali, miaka kumi na tisa. Hana nyumba nyingine, hana shamba, hana mtoto wa kwenda kumwangukia. Chumba kimoja analala yeye, sita wamepanga watu, na kila mwenye chumba ana jiko lake la mkaa uani. Ukipita pale jioni husikii unachokiwaza: huyu anapepea, huyu anakuna nazi, huyu anamsema shemeji yake, yule anacheka mpaka sufuria inamwagika. Ni nyumba ambayo ukiingia kuuliza saa, unatoka umekula.

Bwana Fulgensi wa upande wa pili ni karani mstaafu wa Forodha. Ni mgane, anakaa peke yake katika vyumba vitatu na redio moja. Yeye huandika barua kama watu wengine wanavyokunywa chai. Aliandika kuhusu mbwa, kuhusu mitaro, kuhusu jua kuchelewa kuchomoza mwezi wa sita. Kwa miaka thelathini serikali haikumjibu hata moja, na kwa sababu hiyo tulikuwa tunampenda. Hii ya moshi ilijibiwa kwa siku tatu. Hapo ndipo tulipojua mambo yameharibika.

*

Nchi yetu, kwa asiyeijua, ni nchi tulivu. Kila mtu anasema hivyo, na asiyesema anapelekwa mahali akajifunze kusema. Lakini Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Utulivu aliona utulivu uliopo hautoshi, akatuletea Mpango Kabambe, ramani ya nchi nzima. Ulikuja umekunjwa ndani ya bomba la bati, ukafunguliwa uwanja wa mpira, ukafunika goli zima. Ulikuwa na rangi nzuri sana. Kijani ilikuwa sehemu za viongozi. Buluu ilikuwa sehemu ambazo viongozi hawajaamua. Mji wetu mdogo wa Tuliakando ulikuwa manjano, maana yake Ukanda wa Makazi Tulivu: kiwanja kimoja, kaya moja. Ikionekana kaya ya pili katika kiwanja, nyumba itavunjwa ili kaya hizo zipate nafasi ya kutawanyika vizuri.

“Ndugu wananchi,” alisema Mheshimiwa, akiwa ndani ya gari kwa sababu ya jua, “adui yetu ni msongamano. Mtu akikaa karibu na mtu, wanazungumza. Wakizungumza, wanaelewana. Na ninyi mkishaelewana wenyewe kwa wenyewe, sisi viongozi mtatuweka wapi?”

Tulipiga makofi mpaka dereva wake akaamka.

Ikabaki kujua kaya ni nini. Iliundwa Tume, wajumbe kumi na wanne, wakakaa hoteli ya ufukweni miezi minane wakiichunguza kaya. Tunasikia mwezi mzima ulikwisha kwenye suala la mama mkwe, kama ni mtu au ni ziara. Hatimaye sheria ikatoka kwenye Gazeti la Serikali, na kifungu cha kaya kilikuwa kifupi, hata sisi tulikishika kwa moyo: Kaya ni watu wote wanaokula chungu kimoja, na kila anayekula chungu hicho ni wa kaya hiyo, hana nyingine.

Watu walidhani ni maneno tu, mpaka yalipomkuta mkaguzi mmoja kata ya jirani, kapera mwenye nyumba yake nzuri ya bati la rangi. Alikwenda kukagua, mwenyeji akamsihi, akaonja mchuzi. Kijiko kimoja, kwa adabu tu. Kufika jioni alikuwa ameandikwa kaya ya pale. Na kwa kuwa mtu hawezi kuwa na kaya mbili, nyumba yake ikahesabiwa haina mtu, ikavunjwa, kiwanja akapewa mtu wa rangi ya kijani. Mpaka leo anaishi kule na watu kumi na mmoja asiowajua. Wanasema anaosha vyombo vizuri.

Tangu siku ile wakaguzi wote wanatembea na Cheti cha Kushiba, kilichopigwa muhuri na daktari wa wilaya.

*

Jumatatu ile ile mchana wapangaji walikaa kikao uani kwa Bi Siwema, na sisi tulikaa pembeni kuwasaidia kusikitika. Mwalimu Gaudensia, wa chumba cha tatu, ndiye aliyekuwa na lile Gazeti. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

“Majiko saba, vyungu saba. Vyungu saba, kaya saba,” alisema. “Kwa sheria hii nyumba imeshaanguka. Iliyosimama pale ni mazoea.”

“Mimi nakwenda kumkaanga yule mzee badala ya samaki,” akasema Chaurembo. Chaurembo ndiye huyo binti wa chini ya dirisha. Ana mikono yenye alama za mafuta na mdomo usio na pazia.

“Kaa chini, Chaurembo,” alisema Bi Siwema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilitutisha kuliko ile ya asubuhi. “Mwalimu, wakivunja wananipa wapi?”

“Hawakupi, dada. Imeandikwa utatawanyika.”

“Nitatawanyika vipi na mimi ni mmoja?”

Mwalimu alirudi kwenye Gazeti. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, mpaka akainua kidole. Alhamisi saa saba mchana anakuja mkaguzi kuthibitisha. Akikuta chungu kimoja, ni kaya moja. Sheria haikusema kaya iwe ya watu wangapi, wala kwamba wawe ndugu. Wajumbe walikuwa wamechoka, walitaka kuogelea.

Basi ikaamuliwa. Alhamisi asubuhi majiko sita yatapelekwa saluni ya kinyozi na kufunikwa mashuka. Italetwa ile sufuria ya shughuli ya akina mama wa mtaa, inayopikia pilau la harusi, na wote watakula humo. Hapo vita vikaanza. Wa chumba cha tano haliwi samaki kwao. Wa chumba cha pili bila ugali hajala. Chaurembo akasema yeye hapikiwi na mtu anayetia sukari kwenye maharage, na mtu huyo alikuwepo. Walizozana mpaka alasiri, nyumba ikiwa na X mgongoni, kuhusu kitunguu kiwe kingi au kidogo. Mwisho Bi Siwema akapiga meza.

“Wali na nyama. Asiyetaka akatawanyike.”

Kuanzia siku ile hakuna aliyemsalimia Bwana Fulgensi. Akipita dukani, watu wanageuka kutazama sabuni. Jumanne aliandika barua ya kuifuta barua yake. Ofisi ikamjibu palepale dirishani, kwa mdomo, kwamba barua ikishajibiwa si yake tena, ni ya serikali, na serikali haijakosea.

*

Afisa Lubeleje alifika Alhamisi saa sita na nusu ili atukute hatujajiandaa. Mbele alitembea yeye, kiatu kikimeta. Akafuata mpimaji na utepe wake, kisha mwandishi, kisha buldoza, limeshawashwa. Dereva wa buldoza alikuwa na kitabu cha safari chenye safu mbili tu, Limetoka na Limevunja. Safu ya kurudi bure haikuchapishwa. Nyuma kabisa lilikuja gari dogo limebeba vijana wa rangi na bango lililofunikwa turubai.

“Karibuni chakula,” alisema Bi Siwema, maana hata anayekuja kukuvunjia hukaribishwa. Hayo tumezaliwa nayo.

Afisa akatoa Cheti, akakiinua kila mtu akione. “Nimeshiba kisheria mpaka saa kumi.” Tumbo lake likanguruma, na mwandishi akaandika: ngurumo, chanzo hakijulikani.

Mpimaji akaizunguka sufuria. Akapima mdomo, akapima kina, akaweka sikio ubavuni. “Chungu kimoja, afande.”

Afisa Lubeleje hakufurahi. Alitembea uani polepole akitazama chini. Ardhini yalikuwa madoa meusi saba ya majivu, mviringo kama mihuri. Tulimwona anayahesabu. Kwa kweli tulisahau majivu. Tuliondoa majiko, tukaacha saini zake.

“Huyu asimame huku,” akasema, akimtenga Chaurembo kwenye choo cha nje. “Na huyu kule.” Mwalimu Gaudensia akapelekwa langoni. Alimfuata Chaurembo kwanza, akamuuliza kwa upole kama daktari. “Kaya yenu jana mlikula nini?”

Ya leo waliyafanyia mazoezi. Ya jana hakuna aliyeyakumbuka, na jana kila mtu alipika kwake.

“Dagaa,” alisema Chaurembo.

Afisa akaenda langoni. “Jana mlikula nini?”

“Kisamvu,” alisema Mwalimu.

Bi Siwema alishika mwiko kwa mikono miwili. Afisa akamwinulia dereva mkono, na buldoza likaramba tofali la kwanza la ukumbi, taratibu, kama linaonja.

“Kifungu cha tisa!” Mwalimu alipiga kelele ya darasani, ile inayonyamazisha watoto themanini. “Wanakaya wakitofautiana, aitwe shahidi wa mpakani! Neno lake ndilo la mwisho!”

Afisa alishusha mkono, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alijua shahidi wa mpakani ni nani. Barua yake alikuwa nayo mfukoni.

*

Bwana Fulgensi alikuja amevaa suti ya kazini, ile ya Forodha, imembana mabegani. Hakumtazama mtu. Chaurembo alipotaka kusema neno, tulimziba mdomo kwa kanga.

“Ndugu shahidi,” alisema Afisa, “wewe ni raia mwema. Uliandika mwenyewe: moshi wa majiko saba. Thibitisha, tuende.”

“Majiko ni saba,” alisema Bwana Fulgensi.

Bi Siwema alikaa chini pale pale kwenye majivu.

“Lakini chungu ni kimoja.”

“Unasema?”

“Barua yangu ilikosea.” Aliyasema haya kama mtu anayeng'olewa jino, mtu huyu hajawahi kukosea hata nukta. “Wanawasha majiko saba. Chakula ni kimoja.”

“Mmoja amesema dagaa. Mwingine amesema kisamvu.”

“Wote wamesema kweli. Jana kulikuwa na dagaa, na kisamvu, na maharage yenye sukari, na kipande cha ugali.”

Afisa Lubeleje alikunja uso. “Na wewe umeyajuaje?”

Hapo Mwalimu Gaudensia akaelewa. Tulimwona anamtikisia kichwa yule mzee, haraka haraka, midomo ikisema hapana, hapana, nyamaza. Sisi wengine tulielewa baada yake, mmoja mmoja. Maana sheria tuliishika kwa moyo. Na hakuna aliyeijua kuliko Bwana Fulgensi, ambaye ndiye mtu pekee wa mji huu aliyenunua lile Gazeti kwa hiari yake.

Alitazama nyumba yake juu ya michongoma. Ilikuwa na pazia la maua aliloshona mkewe, marehemu Letisia. Akavuta pumzi mpaka kifungo cha suti kikaachia.

“Nimeyajua kwa sababu nimeyala,” alisema. “Tangu mke wangu afariki, miaka minne, kila jioni sahani inapita juu ya ua huu, imefunikwa kawa. Wanakata kijiko kutoka kila jiko. Sijawahi kuwasha moto kwangu. Mkaa wenyewe sina.”

“Hata jana?” Chaurembo alikuwa ameitoa kanga mdomoni. “Jana nani amempelekea huyu?”

Bi Siwema alitazama bati.

“Nilichota mimi, na kwako pia. Nilimkasirikia,” alisema. “Sikusema afe njaa.”

Mzee akaenda kwake, akarudi na sahani. Haikuoshwa bado. Pembeni ilikuwa na kichwa cha dagaa, na mstari wa kijani wa kisamvu, na gamba la ugali. Mpimaji akaipima. Mwandishi akaiandika. Afisa akainusa, akaisogeza mbali haraka, kwa kulinda Cheti.

“Imethibitika,” alisema. “Amekula vyungu vyote, na mtu hana kaya mbili; basi kiwanja hiki kina kaya moja. Kubwa, haina nidhamu, lakini moja.”

Wanawake walipiga vigelegele. Havikufika mbali, kwa sababu Afisa alikuwa bado hajafunga daftari.

“Na kiwanja cha pili,” akaendelea, “hakina kaya.”

“Mwenyewe si huyu hapa?” tukauliza.

“Huyu ni wa kaya hii. Amekiri. Kiwanja kile ni kitupu.”

“Nimekaa pale miaka thelathini na mmoja,” alisema Bwana Fulgensi.

Afisa alimpita kwa macho kama anayetafuta mtu nyuma yake. “Mwandishi, andika: mwenye nyumba tumemwita, hayupo.”

Kuhusu alama ya X, mali ya serikali haifutwi, huhamishwa. Vijana wa rangi waliiziba ile ya Bi Siwema kwa chokaa, wakavuka michongoma na kopo, wakaichora upande wa pili, chini ya dirisha lililokuwa linaingiza moshi. Lile turubai nalo likaondolewa. Bango lilikuwa limeandikwa zamani, kwa herufi nzuri za dhahabu: Makazi ya Mfano ya Mheshimiwa, ghorofa nne, majiko kumi na mawili. Pahala pa namba ya kiwanja tu ndipo palipoachwa wazi. Kijana alilamba brashi, akauliza, “Afande, niandike ipi?” Akaambiwa. Akaandika.

*

Walimpa dakika kumi, na kwa kuwa hayupo, hazikuhesabiwa kwake, walipewa majirani. Ndugu yangu, hujawahi kuona mtaa unavyohama. Kitanda kilitoka kimekaa vichwani mwa watu wanne. Wa chumba cha tano alitoka na kabati mgongoni. Mwalimu alibeba mafaili ya barua, miaka thelathini, akayapakata kama mtoto mwenye homa. Chaurembo aliingia wa mwisho, buldoza likiwa limeshainua kijiko, na tukamfokea arudi, arudi, mwendawazimu wee, akatoka ameshika pazia la maua na fito yake. Alimpa mzee bila kumtazama.

“Shika. Na mimi dirisha lako lilikuwa linanichungulia.”

Ukuta haukuanguka kwa kishindo kama tulivyotegemea. Ulikaa chini tu, umechoka. Vumbi likatufunika wote rangi moja. Dereva akaandika kwenye safu ya Limevunja, akashukuru, wakaondoka. Afisa Lubeleje alitembea upesi sana kwa mtu aliyeshiba.

Uani kwa Bi Siwema sufuria ilikuwa imefunikwa sinia ili vumbi lisiingie. Wapangaji walitandika mikeka, wakapanga masinia, watu wakakaa, na sisi tukakaa, maana hakuna aliyetwambia tuondoke. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nje, barabarani, Bwana Fulgensi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake, suti nyeupe kwa vumbi, pazia magotini, akitazama mahali palipokuwa na mlango wake. Alikuwa na adabu zake za Forodha: hapiti mpaka bila kuitwa.

Bi Siwema alitoka langoni na mwiko mkononi.

“Wewe.”

Mzee akasimama. “Bi Siwema, kuhusu ile barua...”

“Usinitajie barua. Sijakusamehe, na leo sina nafasi ya kukusamehe, nina watu wa kulisha.” Akasogea, akampisha njia. “Maji ya kunawa yako pale mlangoni. Ingia ule.”